Je, Biashara Yako Inaonekana Kwenye Ramani ya Simu? Mwongozo wa Kuiandikisha Bila Malipo

Msafiri anayeingia Muleba jioni akitokea Biharamulo, ndugu wa mgonjwa aliyelazwa Rubya au Ndolage anayetafuta mahali pa kulala, na dereva aliyepasukiwa tairi karibu na Muhutwe wana jambo moja linalowaunganisha. Hawana mwenyeji wa kumwuliza, lakini wana simu mkononi. Wataandika maneno mawili au matatu, kama vile “gesti karibu nami”, “fundi magari Muleba” au “duka la dawa”, kisha watafuata jibu linaloonyesha njia na namba ya simu inayopokelewa. Ikiwa gesti iliyo hatua 100 kutoka alipo haimo katika majibu hayo, kwa mgeni huyo gesti hiyo haipo.

Wafanyabiashara wadogo wa kata zetu hupoteza wateja wa namna hii bila kujua, kwa kuwa mteja asiyefika halalamiki. Makala haya yanaeleza jinsi orodha za biashara za mtandaoni zinavyofanya kazi, jinsi ya kujiandikisha bila kulipa, makosa yanayojirudia katika mazingira yetu, na namna ya kujikinga dhidi ya watu wanaotoza fedha kwa huduma ambayo ni ya bure.

Kutoka kitabu cha simu hadi ramani

Wazee wetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilitosha pale ambapo mnunuzi alipita mbele ya duka kila siku. Kwa mteja wa mbali, kampuni kubwa zilikuwa na kitabu cha simu na kurasa zake za matangazo, lakini muuza mitumba au fundi cherehani hakuwa na nafasi humo.

Hali hiyo ilibadilika ramani zilipohamia kwenye intaneti. Google ilizindua ramani zake mwaka 2005. Mwaka 2014 ilifungua huduma iliyowawezesha wenye biashara kuandika wenyewe taarifa zao, na tangu mwaka 2021 huduma hiyo inaitwa Google Business Profile, yaani wasifu wa biashara. Huduma hiyo haina ada. Gharama pekee ni bando na muda wa mwenye biashara.

Ni vyema kufahamu kwamba ramani haijijazi yenyewe. Picha za satelaiti huonyesha paa na barabara, ila haziwezi kusema kama chini ya paa lile kuna saluni, mgahawa au mashine ya kukoboa kahawa. Maelezo hayo huandikwa na watu. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wananchi kuchora mitaa yao kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, hasa kwa ajili ya maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Kwa jirani zetu wa mkoa wa Mara, wanaojitolea kupitia Crowd2Map wamechora vijiji vilivyokuwa vitupu kwenye ramani ili kusaidia kuwafikia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa. Mtaa wowote ambao wakazi wake hawakuandika chochote hubaki mtupu kwenye ramani, hata kama una shughuli nyingi.

Majibu hupangwaje?

Wengi hudhani kwamba anayetokea juu katika majibu amelipa. Matangazo ya kulipia yapo, nayo huwekewa alama ya kuonyesha kuwa ni matangazo. Hata hivyo, Google inasema wazi kwamba nafasi katika majibu ya kawaida ya eneo fulani hainunuliwi. Majibu hayo hupangwa kwa kuzingatia mambo matatu.

La kwanza ni uhusiano, yaani biashara inafanana kiasi gani na kitu kilichotafutwa. Aliyejiandikisha kama “duka” tu hataonekana kirahisi kwa mtu anayetafuta vipuri vya pikipiki. Aliyechagua aina sahihi ya biashara na kueleza anachouza atakuwa mbele yake.

La pili ni umbali kati ya anayetafuta na biashara. Hapa mfanyabiashara mdogo wa Nshamba au Kamachumu ana nafasi nzuri, kwa sababu mteja aliye Kamachumu ataonyeshwa kwanza vilivyo karibu naye badala ya maduka makubwa ya Bukoba mjini. Faida hii hupatikana tu ikiwa mahali pameandikwa kwa usahihi.

La tatu ni umaarufu. Mfumo huangalia kama biashara inatajwa kwingineko mtandaoni, ina maoni mangapi ya wateja, na maoni hayo ni mazuri kwa kiasi gani. Jambo hili hujengwa polepole, kama jina jema linavyojengwa sokoni.

Hatua za kujiandikisha

1. Fungua akaunti ya Google iliyo yako mwenyewe. Ikiwa unatumia simu janja ya Android, huenda tayari unayo barua pepe ya Gmail. Hakikisha unaijua nywila yake na kwamba namba ya simu iliyounganishwa nayo bado unaitumia.

2. Tafuta kwanza jina la biashara yako kwenye ramani. Mara nyingine mteja au mpita njia alikwisha kuiandika. Ukiikuta, usifungue nyingine mpya. Chagua sehemu ya kudai umiliki, kwa sababu biashara moja ikiwa na alama mbili humchanganya mteja na mfumo pia.

3. Andika jina kama lilivyo kwenye bango lako na kwenye leseni. Chagua aina ya biashara iliyo karibu zaidi na shughuli yako kuu.

4. Weka alama ya mahali, ambayo wengi tunaiita lokesheni. Fanya hivyo ukiwa umesimama mlangoni pa biashara, kisha ukuze picha ya satelaiti ili uone kama alama imekaa juu ya paa lenyewe.

5. Weka namba ya simu, siku na saa za kazi. Namba si lazima iwe ya simu janja. Mteja anaweza kupiga kitochi chako vizuri kabisa, alimradi kiwe hewani.

6. Thibitisha. Google ndiyo inayochagua njia ya uthibitisho, nayo inaweza kuwa ujumbe mfupi, simu, barua pepe au video. Ikitakiwa video, rekodi kwa mfululizo bila kukata. Onyesha barabara na majengo ya jirani, kisha bango lenye jina, kisha ndani ukifanya jambo ambalo mhusika pekee anaweza kulifanya, kama vile kufungua mlango kwa ufunguo au kuonyesha leseni iliyotundikwa ukutani. Usionyeshe sura za wateja wala nyaraka za watu wengine. Baada ya hapo, subiri majibu kwa siku kadhaa.

7. Weka picha za kweli: mwonekano wa nje ili mgeni aitambue nyumba, kisha bidhaa au vyumba. Andika maelezo mafupi, ambayo ukomo wake ni herufi 750. Kwa kuwa wilaya zetu hupokea wageni wanaovuka Mutukula kutoka Uganda, ni busara kuandika sentensi chache za Kiswahili na chache za Kiingereza.

Makosa yanayojirudia katika mazingira yetu

Saa. Hili huenda ndilo kosa linalowagharimu zaidi wafanyabiashara wa nchi yetu. Mfumo haujui saa za Kiswahili. Anayefungua duka saa 2:00 asubuhi na kulifunga saa 12:00 jioni, akiandika 2:00 hadi 12:00, ameutangazia ulimwengu kwamba hufungua saa nane usiku na kufunga saa sita mchana. Mteja anayemtafuta saa tisa alasiri huambiwa kuwa pamefungwa, ilhali mwenye duka ameketi akisubiri wateja. Kwa saa za mchana, ongeza 6: saa 2:00 asubuhi huandikwa 8:00, na saa 12:00 jioni huandikwa 18:00. Mgahawa unaofunga saa 4:00 usiku uandikwe 22:00. Kumbuka pia kubadilisha saa wakati wa sikukuu za Idd, Krismasi na Mwaka Mpya.

Sanduku la posta. Barua na risiti nyingi za biashara hubeba S.L.P. pekee kama anwani. Sanduku la posta haliwezi kumwongoza mteja hadi dukani, na kanuni za Google hazilikubali kama mahali pa biashara. Tumia jina la barabara au mtaa na namba ya nyumba uliyopewa katika zoezi la Anwani za Makazi lililofanyika nchini kote mwaka 2022. Taarifa hizo zimo pia katika mfumo wa kitaifa wa NaPA. Postikodi za mkoa wetu wa Kagera huanza na tarakimu 35. Ikiwa bado hujaifahamu namba ya nyumba yako, mwulize Mtendaji wa Kijiji, Mtaa au Kata.

Majina yanayofanana. Anayetafuta Katoro anaweza kupelekwa Katoro ya Geita badala ya Katoro ya Wilaya ya Bukoba. Katika maelezo yako, taja kijiji, kata, wilaya na mkoa. Mahali ambapo barabara haina jina, tumia msimbo wa mahali unaoitwa Plus Code. Huu ni mkusanyiko mfupi wa herufi na tarakimu wenye alama ya kujumlisha, unaotokana na vipimo vya latitudo na longitudo. Gusa na kushikilia mahali kwenye ramani ya Google, nao utatokea katika maelezo ya mahali hapo. Unaweza kuutuma kwa ujumbe mfupi au kuusoma kwa simu, na mpokeaji akiuandika kwenye ramani ataletwa mlangoni. Kwa wafanyabiashara wa visiwa kama Bumbire, Goziba na Ikuza, ambako alama huweza kuangukia majini, msimbo huu una manufaa makubwa.

Jina lililojazwa sifa. Wapo wanaoongeza kwenye jina maneno kama “bora”, “bei nafuu”, “Bukoba na Muleba”, wakidhani wataonekana zaidi. Kanuni zinakataza jambo hilo, na wasifu unaweza kusimamishwa. Sifa ziandikwe kwenye maelezo, na jina libaki jina.

Namba iliyokufa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine. Ukibadilisha laini, badilisha siku hiyohiyo namba iliyo kwenye wasifu, kwenye bango na kwenye kurasa zako za Facebook. Jina, mahali na namba vikifanana kila vinapoonekana, mteja hupata imani, na mfumo nao hutambua kuwa ni biashara ileile.

Maoni ya wateja

Kila mteja mwenye akaunti anaweza kuipa biashara nyota kuanzia 1 hadi 5 na kuandika maoni. Waombe wateja walioridhika waandike neno, lakini usinunue maoni, usiwape zawadi ili wakusifu, na usiwaagize ndugu waliopo Dar es Salaam wasifie chakula ambacho hawajakionja. Google hukataza maoni ya namna hiyo na huyaondoa yakigundulika.

Lawama ikija, ijibu kwa upole na kwa ufupi. Eleza ulichokirekebisha, au mwombe mteja akupigie. Jibu hilo litasomwa na wengi zaidi ya yule aliyelalamika. Mgeni anayesoma kwamba maji yalikosekana Jumamosi na kwamba mwenye nyumba ameongeza tangi atamwamini mwenye nyumba huyo kuliko yule asiyejibu. Maoni ya uongo au ya matusi yanaweza kuripotiwa ndani ya mfumo wenyewe.

Aidha, mtumiaji yeyote wa ramani anaweza kupendekeza mabadiliko ya saa, namba au hata kudai kwamba biashara imefungwa moja kwa moja. Kwa hiyo, fungua wasifu wako angalau mara moja kwa mwezi uone kama taarifa bado ni zako.

Wanaofanyia kazi nyumbani

Fundi cherehani anayeshonea sebuleni, mwokaji wa keki, fundi bomba au mpishi wa sherehe hawana sababu ya kuonyesha nyumba yao kwa kila mtu. Mfumo unaruhusu kuficha anwani na kutaja tu maeneo unayohudumia, kwa mfano Muleba mjini, Izigo na Muhutwe. Tunawasihi hasa wanaoishi peke yao watumie utaratibu huu.

Kwa kundi hili, WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018 na isiyolipiwa, ni nyenzo nzuri ya kuongezea. Inaruhusu kupanga bidhaa na bei katika orodha, kuweka saa za kazi na kutuma majibu ya salamu. Hata hivyo, isichukuliwe kuwa mbadala wa ramani. WhatsApp humhudumia mteja aliye na namba yako tayari, na ramani humleta yule ambaye hajawahi kukusikia.

Tahadhari: wasifu ni mali yako

Si kila mtu ana simu janja au muda wa kufuata hatua hizi. Wengi huomba msaada wa kijana wa familia au huenda steshenari, na kulipia huduma ya kuandikiwa si kosa. Hatari iko mahali pengine. Anayekusaidia akifungua wasifu kwa barua pepe yake, kwa mfumo yeye ndiye mmiliki. Mkigombana, au akihama, hutaweza kubadilisha namba wala saa, na wateja wako wanaweza kuelekezwa kwa mwingine. Sisitiza wasifu ufunguliwe kwa akaunti yako. Ikiwa msaidizi anahitaji kuingia mara kwa mara, mwongeze kama meneja, nafasi ambayo mmiliki anaweza kuiondoa wakati wowote.

Ukipigiwa simu na mtu anayesema anatoka Google na kutaka malipo ili biashara yako isiondolewe au ipandishwe nafasi ya kwanza, usilipe. Vivyo hivyo, namba ya siri ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako isitolewe kwa yeyote. Kwa tapeli, namba hiyo ni ufunguo. Namba za simu zinazotumika kwa utapeli ziripotiwe kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 15040, na aliyekwisha kuibiwa atoe taarifa kituo cha polisi.

Picha na taarifa za wateja nazo zina ulinzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kabla ya kuweka mtandaoni picha ya bibi harusi uliyempamba au mteja aliyesuka kwako, omba ridhaa yake.

Leseni na hofu ya kuonekana

Ni dhahiri kwamba baadhi ya wafanyabiashara huepuka ramani wakihofia kwamba kuonekana kutawaletea maofisa wa leseni na kodi. Ukweli ni kwamba wajibu wa leseni na kodi unatokana na kufanya biashara, uwe kwenye ramani au usiwe. Vilevile, kuwa kwenye ramani si leseni, na alama ya uthibitisho ya Google haikupi haki ya kuuza dawa, chakula au kulaza wageni bila vibali husika.

Leseni za kundi B, ambazo ndizo zinazowahusu wafanyabiashara wengi wadogo, hutolewa na halmashauri, na maombi hufanyika kupitia mfumo wa TAUSI. Leseni za kundi A hutolewa na BRELA, ambako pia jina la biashara husajiliwa. Jina lililosajiliwa lina faida hata mtandaoni, kwani mtu mwingine akidai wasifu wako unakuwa na hati ya kuonyesha.

Wakati wa kuanza

Mwishoni mwa mwaka, wenyeji wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi hurejea kuwaona wazazi, na msimu wa senene huleta wanunuzi barabarani na masokoni. Wengi wao wameondoka miaka mingi na hawajui tena nani anashona, nani anakodisha viti na maturubai, wala wapi panalaza wageni. Kwa kuwa uthibitisho huchukua siku kadhaa na maoni hukusanyika polepole, anayetaka kuonekana Desemba asisubiri Desemba.

Ukiwa na simu, bango lenye jina, leseni, namba ya nyumba na dakika chache mbele ya mlango wako, una kila kinachohitajika. Maswali kuhusu anwani yaelekezwe kwa Mtendaji wa Kata yako, na yale ya leseni kwa Divisheni ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji katika makao makuu ya halmashauri, siku za kazi.